Kabla Mzeituni Haujapasuka

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, na nimeona niliandike hapa juu kabisa kabla woga haujanirudia. Mashine yako ya kukerezea mbao inafanya kazi. Ninayeiwasha ni mimi. Nikitoka shule, Mama akiwa bado kwenye ushonaji, naingia karakana, nafunga mlango kwa ndani, nakereza.

Sasa nikusalimie vizuri, maana najua umeshasema huko uliko kwamba nimekosa adabu. Sisi wazima. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na anapiga mluzi kila akisema "samahani", kwa hiyo siku hizi anaomba samahani hata asipokosa. Mama hajambo, ila ameanza kuzungumza na cherehani yake kama mtu na mtu. Msalimie Dada, umwambie tunamshukuru kwa kukutunza. Si kila binti angekubali kukaa na baba mbishi kama wewe. Jicho linaendeleaje? Kwenye simu unasema "linaendelea" tu, lakini linaendelea kwenda wapi husemi.

Nimeandika barua kwa sababu simu ya Mama huwekwa mezani kwa sauti kubwa, ukiuliza swali moja inajibu nyumba nzima. Nijibu kwa sanduku la posta la shule. Mtunza maktaba ananihifadhia barua, na hana tabia ya kuuliza.

Tangu lile bakuli lipasuke likiwa linazunguka kwenye mashine na kukupiga jichoni, ukasafirishwa huko karibu na hospitali ya macho, kila mtu hapa anapita mbele ya mlango wa karakana kama anapita mbele ya mgonjwa aliyelala. Lakini gogo la mzeituni ulilolileta wiki ileile bado lilikuwa pale, limefunikwa magunia. Nilipolifunua niliona ncha zake zimeanza kuweka nyufa nyembamba kama nywele. Wewe mwenyewe uliniambia mzeituni mbichi haungoji mtu apate nafasi. Ungekaa hivyo hadi urudi, ungekuwa kuni.

Basi nikalipasua kwa msumeno kupitia moyoni, nikautoa moyo wote kama ulivyonionyesha, nikakereza mabakuli ya kuanzia, ya kumaliziwa yakishakauka, kuta nene kama kidole gumba. Mjomba, ungeyaona. Rangi ya chai ya maziwa, na humo ndani mistari myeusi inapinda na kurudi kama maji ya mvua yanavyotafuta njia kwenye vumbi. Ncha nimezipaka nta ya mishumaa zisikauke haraka.

Tafadhali usinikataze. Na kama ni lazima unikataze, nieleze kwanza niyafunike vipi yakauke polepole.

Mpwa wako,
Kimya


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa hiyo Dada yako naye anajua siri yako. Usiogope, za kwake ni nzito zaidi. Yeye ndiye anayeandika hapa. Mimi nasema tu, mkono umechoka. Huku hatujambo. Mjukuu wangu ameanza kutembea, na anatembea kuelekea vitu vinavyovunjika tu, vingine havioni. Chumba nilichopewa dirisha lake linatazama ukuta. Ni ukuta mzuri. Jicho linaendelea.

Sasa nisikilize. Toka kwenye hiyo mashine. Sijasema ukimaliza, nimesema toka. Ile ni mashine ya mtu mzima, na huyo mtu mzima mwenyewe unaona alipo. Mzeituni ni mti mnafiki. Unakuonyesha uso mzuri huku mgongoni umeshapasuka. Mimi nimeukereza tangu Mama yako hajaolewa na bado ulinidanganya. Wewe utakufanya nini?

Seremala jirani yetu ameniomba nimuuzie mashine, anataka kukerezea miguu ya vitanda. Nimekubali, neno nimeshampa. Atakuja akipata nafasi, nawe unamjua, nafasi yake huchelewa. Akija mfungulieni mlango wa karakana. Hayo mabakuli na gogo lililobaki mpe Mama apikie.

Soma vitabu vyako. Ndiyo kazi uliyopewa na hiyo haitoi mtu jicho.

Mjomba wako

Mimi Dada: hili hajaniambia nikuandikie. Nilipofika kwenye habari ya mistari myeusi alininyamazisha. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Tena."


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Wazima sote. Mdogo wangu anakusalimu kwa mluzi. Mama amepata mafua lakini anayakataa, anasema ni vumbi la vitambaa.

Kuhusu kutoka kwenye mashine: sitatoka. Nimeandika na kufuta mara nyingi nikitafuta namna ya kukwambia kwa heshima, sikuipata, basi naiacha hivyo hivyo.

Na kuna lingine. Umesema mzeituni ulikudanganya. Mjomba, siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maranda nasoma. Uliligonga lile bakuli kwa kifundo cha kidole kabla ya kulifunga kwenye mashine, kama unavyofanya siku zote. Lililia butu. Sikujua maana yake wakati ule, lakini masikio yangu yalijua kwamba si sauti niliyoizoea. Uligonga upande wa pili. Ukakaa ukitazama mistari yake kwa muda mrefu. Halafu ukaongeza sauti ya redio, ukawasha.

Mti haukudanganya mtu. Ulisema, ukaambiwa unyamaze. Kwa hiyo usiutukane kwangu, na usiniambie nikauchome kwa kosa ambalo si lake.

Sasa naomba nikupe habari ya kuchekesha, ili usiichane barua hii kabla hujaimaliza. Kwenye maktaba nimepata kitabu kinachosema bakuli la mti mbichi ukilichemsha kabla ya kulikausha, linalegea ndani na halipasuki sana. Nikachukua sufuria kubwa ya Mama, ile ya wageni, nikachemsha yote. Maji yalifuka harufu tamu nyumba nzima. Nikasugua sufuria hadi kucha zikauma. Kesho yake Mama akapikia mchuzi. Alionja kijiko kimoja, akakiweka chini, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Nani amepika meza?"

Mdogo wangu alinionyesha kwa kidole kabla swali halijaisha. Hivyo ndivyo Mama alivyojua. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alikwenda karakana, akaangalia mabakuli, akaangalia mashine, akasema, "Jicho moja katika ukoo huu limetosha." Akafunga kufuli, ufunguo akautia kwenye pochi yake ya sindano. Nimembembeleza mpaka amekubali anifungulie mara moja kwa wiki nikayaangalie mabakuli kwenye magunia ya maranda, yeye akiwa amesimama mlangoni. Swichi nisiiguse.

Kwa hiyo wewe umeiuza mashine kwa neno na Mama ameifunga kwa kufuli. Mimi nimebaki na mabakuli yanayokauka. Nayo hayajui amri zenu.

Mpwa wako,
Kimya


29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Mtunza maktaba ameanza kunitikisia kichwa tangu nikiwa mlangoni ili nisijisumbue kuingia.

Ikiwa umekasirika kwa niliyoandika juu ya redio, una haki ya kukasirika. Lakini siwezi kuyafuta, kwa sababu niliyasikia.

Bakuli moja dogo limepasuka kuanzia kitako. Nilikuwa nimeacha chembe ya moyo ndani yake. Mengine bado mazima. Seremala hajaja, anasema mkokoteni wake una pancha. Mama anasema mkokoteni wa Seremala una pancha tangu alipozaliwa.

Kimya


11 Juni

Kimya,

Naandika mwenyewe leo. Mistari inapanda mlima, vumilia.

Hatujambo. Mjukuu amevunja kikombe changu. Dada yako ameninunulia cha bati, kama mfungwa.

Bakuli likikaa kwenye maranda, maranda yabadilishwe, yakiwa na unyevu yataota ukungu. Yasiwekwe karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukitaka kujua kama limekauka, liweke shavuni. Likiwa na ubaridi lina maji bado, hata kama mkono unakwambia kavu. Mkono una kiburi, shavu halina.

Ukiligonga, zima redio. Hata ya jirani, kamwombe azime.

Likiwa kwenye mashine na ukasikia linagonga tik, tik, kila linapozunguka, usingoje kuona. Zima. Usijiambie umebaki ukingo tu.

Hayo nakueleza kwa sababu uliuliza. Neno nililompa Seremala liko palepale. Mtu aliyefika umri wangu hajui kurudisha neno.

Ulipochemsha, maji yalikuwa na rangi gani? Nimefikiria jambo hilo sana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mti unachemshwa.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Tuko salama. Nimefanya mtihani wa nusu mwaka; nimefanya vizuri katika yote isipokuwa kuzungumza mbele ya darasa, ambako nilisimama, nikaangalia saa ya ukutani, nikakaa.

Maji yalikuwa mekundu meusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Shavu nimejaribu. Mama aliniona nimelaza uso juu ya bakuli, akadhani ninalia. Nikamwekea na yeye shavuni. Akasema, "Hili baridi." Nikampa lingine. Akasema, "Hili je, mbona kama limelala juani?" Nikamwambia hilo limekauka. Alilishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akaniambia tutoke.

Mjomba, wote mnanificha lakini ninajua. Jicho halirudi. Mama akizungumza na Dada kwenye simu huwa anaizima sauti kubwa, na huo ndio wakati pekee anaoizima.

Sasa usicheke. Nilichukua kitambaa cheusi kwenye mabaki ya Mama, nikalifunga jicho langu la kushoto, nikakaa hivyo likizo nzima, nikikitoa wakati wa kulala tu. Siku ya kwanza nilimimina chai pembeni ya kikombe, nikaijaza sahani. Nilijigonga kwenye kila mlango wa nyumba hii. Mdogo wangu aliniita haramia na kunitoza ushuru kila nikitaka kupita. Uzi wa sindano ulinishinda kabisa. Lakini likizo ilipoisha, Mjomba, nilikuwa namimina chai bila kumwaga. Ninachotaka kukwambia ni kwamba inafundishika. Kikombe hakihami, ni wewe unayejifunza upya kilipo. Patasi nayo ina egemeo la kulalia. Ulinifundisha kwamba kazi ya kukereza inafanywa na mkono, masikio na kiuno, jicho linafika mwisho kuja kusifia.

Kwa hiyo usiuze mashine kwa kuwa unadhani huwezi kuitumia. Na kama hutaki kuitumia, mimi nataka.

Kimya


15 Septemba

Kimya,

Nani alikutuma ufunge jicho? Umenikosea adabu na sijui nikukemee kwa lipi, maana sijawahi kumsikia mtu aliyekosa adabu kwa namna hiyo.

Chai yangu nayo ilikuwa inamwagika. Ndiyo maana ya kikombe cha bati. Siku hizi haimwagiki sana.

Lakini Seremala amenipigia simu, pancha imezibwa. Anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Neno ni neno. Mpe.

Mjomba wako


4 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Salamu nyingine nitaziweka barua ijayo, leo nina jambo la kukwambia na likikaa ndani litaharibika. Mashine haikutoka. Nimelivunja neno lako, na sikuombi radhi. Nakueleza ilivyokuwa, utanihukumu ukishamaliza.

Seremala alifika asubuhi na vijana wawili na mkokoteni. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni na furaha nyingi. Akasema, "Bi Kimya, hujambo? Sogea kidogo, mwanangu, tubebe chuma chetu." Mama akatoka na ufunguo. Alifungua kufuli bila kuniangalia.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimeazima kinga ya uso ya yule fundi anayesaga mageti ya chuma, ile ya plastiki inayofunika mpaka kidevu. Nikaivaa nikaingia wa kwanza. Mmoja wa wale vijana akasema, "Hee, anakwenda mwezini huyu."

Nikamwambia Mama, "Mabakuli yamekauka. Nataka kuyamaliza kabla haijabebwa."

"Nilisema nini kuhusu hiyo swichi?"

"Ulisema jicho moja limetosha. Nimefunika yote mawili. Na wewe upo, nitazame."

Seremala akacheka. "Mwache, dada yangu. Tuone sinema ya bure, halafu tubebe."

Mama hakusema ndiyo. Alikunja mikono tu, nami nikaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Nilichagua lile lenye mistari mingi kuliko yote. Nililiweka shavuni, lilikuwa kavu. Nililigonga pande zote, likalia vizuri. Nikalifunga, nikalizungusha kwa mkono kuona haligusi popote, nikasimama pembeni, nikawasha. Maranda yalianza kutoka mafupi, kisha patasi ikapata njia yake, yakawa marefu, yakininyeshea mabegani. Kuta zikawa nyembamba. Mistari ikatokea wazi, na safari hii ilikuwa na rangi ya dhahabu pembeni ya ule weusi. Seremala alikitoa kijiti mdomoni. Nilikuwa nimebakiza ukingo.

Hapo nikasikia tik. Ndogo sana. Halafu tik, tik, tik.

Nakwambia ukweli, Mjomba, nilitamani kungekuwa na redio. Watu wanne walikuwa wamesimama wakinitazama, na bakuli zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona lilikuwa mbele yangu. Kama ningelimaliza, hakuna ambaye angeniambia kitu tena. Nilielewa kabisa ulichofanya siku ile. Nilikuelewa mpaka mkononi.

Nikazima.

Likazunguka likipunguza mwendo mpaka likasimama. Nilichovya kitambaa kwenye maji nikapaka ukingoni, ufa ukatokea, mwembamba kuliko uzi, unateremka mpaka karibu na kitako.

Seremala akainama. "Hiyo ndiyo unaizimia mashine? Gundi kidogo, unga wa mbao kidogo, nani ataiona? Malizia."

"Mimi nimeshaiona," nikasema.

"Basi. Imemshinda. Vijana, shikeni huku."

Mama akasema, "Haijamshinda. Ameizima."

Wale vijana wakasimama mikono ikiwa hewani. Mama alikuwa anaangalia ule ufa, si mimi. Akasema taratibu, kama anayezungumza na cherehani yake, "Kaka yangu angemalizia."

Nikasema, "Mashine haitoki." Sauti ilitoka ndogo, ndani ya ile plastiki, hawakusikia. Ikabidi niivue nirudie. "Mashine haitoki humu."

Seremala akamgeukia Mama. "Sasa dada, mimi neno nilipewa na mwenye mali."

"Umemsikia huyo," Mama akasema. "Na huyo huwa hasemi."

"Na miguu ya vitanda vyangu nitaikereza kwa meno?"

"Lete mbao," nikamwambia. "Nitakukerezea mimi, siku ambazo hakuna shule. Mbao ikiwa na ufa nitakurudishia hivyo ilivyo."

Alinitazama kama mtu anayepima ubao, juu mpaka chini. Akasema, "Ukoo wenu mna matatizo." Halafu akauliza kama naweza kukereza miguu yenye mafundo matatu ya urembo, kwa sababu wateja wake wanapenda mafundo matatu. Nikasema naweza. Sijawahi, ila naweza. Wakaondoka na mkokoteni mtupu, ukilia gurudumu moja.

Mjomba, Mama hajanirudishia ufunguo. Amesema atakuwa anafungua na kukaa na vitambaa vyake mle mle karakana, anipigie kelele nikikosea. Swichi naruhusiwa akiwa ndani. Na kwa upande wako, egemeo la patasi bado liko kwenye urefu wa kiuno chako, sijalishusha. Ninasimama juu ya ubao. Kuja au kutokuja ni juu yako. Kuuza, hapana.

Walipoondoka nilifanya hivi. Nilichukua msumeno nikalikata lile bakuli katikati, kwa kufuata ufa, ili siku nyingine nisije nikalitazama nikashawishika. Mama alinishikia upande mmoja. Kisha nilifagia maranda, nikachukua bakuli la pili, nikaliweka shavuni, nikaligonga, nikalifunga, nikarudisha kinga usoni, nikawasha mashine.

Mpwa wako,
Kimya